Mama Mkwe Hataki Kumpakata Mwanangu, na Mashine Imeniambia Sababu

Tia Judite, shangazi yetu wa redio, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila Ijumaa na leo ni zamu yangu, nisaidie mawazo maana kichwa kimejaa. Mimi ni Wahida, nakaa Mocímboa da Praia kwa mama mkwe wangu, na kazi yangu ni kuzunguka na kipima mionzi, mashine ndogo inayohesabu na kutambua miale isiyoonekana inayotoka kwenye mchanga na mawe, napita nayo ufukweni, bandarini, mpaka Nhica kule mpakani, na hesabu zake zote zinaingia kwenye dados, takwimu za watafiti, ili ijulikane ardhi yetu ikoje. Nikirudi naichaji chumbani kwa mama mkwe kwa sababu tomada, tundu la umeme wa sola, iko kwake peke yake, na kuizima huwa sikumbuki.

Sasa Tia, mama huyu ni mama kweli, tulipokimbia vita alibeba mzigo wake na wangu, na tuliporudi tukakuta nyumba yetu imeungua alitupokea bila kuuliza tutakaa mpaka lini. Mwaka huu nimejifungua mtoto wa kike, na kwetu siku ya arobaini mtoto akitolewa nje wa kwanza kumpakata ni bibi mzaa baba, basi watu wamejaa, ubani unafuka, na mama, ambaye alikuwa karudi juzi tu kutoka Dar es Salaam kwa dada yake, akakaa mbali akasema mpeni mwingine, mimi nimechoka. Wifi yangu Cadija akaanza maneno, eti mama hamtaki mtoto, na mume wangu Anuar kavunjika moyo, hasemi na mama yake, anataka tuhamie Awasse.

Halafu chefe wangu wa kazini, Doutor Germano, akanipigia simu, akasema Wahida, nyumbani kwako hesabu zimepanda ghafla na sasa zinashuka taratibu kila siku, na miale yenyewe si ya mchanga, ni ya dawa ya iodini wanayopewa hospitalini wagonjwa wa tezi ya shingo, kuna mgonjwa hapo? Nikaikumbuka ile safari ya Dar es Salaam. Mama alikuwa na uvimbe shingoni, siku hizi mtandio hautoi hata ndani. Nikamuuliza Germano dawa hiyo ina masharti gani, akasema mgonjwa huambiwa asikae karibu na watoto wachanga kwa muda. Tia, nililia, na si kwa huzuni, ni kwa shukrani, mwanamke kakubali kusemwa vibaya na watoto wake mwenyewe ili wangu asidhurike. Lakini mwenyewe hajaniambia kitu, na Germano anangoja maelezo. Nimwambie Anuar ili tusihame, au nizifute hizo hesabu nikae kimya?

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Umeniliza, sasa ngoja nikugombeze.

Tangu lini mashine ya kazi inalala chumbani kwa mkweo bila kuzimwa? Umempima mama wa watu naye hana habari. Hukukusudia, najua, lakini ugonjwa ni wake, na wa kwanza kuutaja ni yeye, si wewe wala Germano. Na huyo Cadija unamwachaje anasema, na wewe sababu unaijua? Mwambie akome leo. Kumnyamazisha hakuhitaji kutaja ugonjwa wa mtu.

Kufuta, usifute. Ukifuta kimya kimya, hesabu zako nyingine nani ataziamini? Na ukiziacha bila maelezo, kesho watasema mchanga wa mtaa wenu ni mbaya, na watu ndio kwanza wamerudi makwao. Mweleze Germano kwamba palikuwa na mtu aliyetibiwa hospitalini, basi. Jina usitaje, na mwombe afiche nyumba ilipo.

Kisha nenda kwa mama, mkiwa wawili tu. Usianze na mashine, anza na asante. Ukishamshukuru mweleze ulivyojua, umwombe radhi, halafu umsihi amwambie Anuar kwa kinywa chake kabla hajafunga mizigo. Na lini atamshika mtoto, waulizeni hospitali iliyomtibu, usijifanye daktari na hicho kipima chako. Wakisharuhusu, usimuulize kama anataka. Mwekee mtoto mapajani.

Wasikilizaji, jibu hili nilimpelekea Wahida kwa simu, peke yake. Leo nalisoma hewani, pamoja na barua, kwa sababu bibi mwenyewe ameniruhusu. Alinipigia akasema, "Wasomee. Waambie nilimwogopea mjukuu wangu, na mwenye uvimbe shingoni asijifiche kama mimi." Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini hatukusikilizana, mtoto alikuwa mapajani mwake anapiga kelele.