Misumeno Miwili Baada ya Dhoruba

Klitmøller, 23 Oktoba

Kwa mdogo wangu Sixten,

Salamu nyingi. Mwili wangu ni mzima, uchovu tu ndio umenijaa. Hali yako siijui, na ndiyo sababu ya barua hii. Simu ilikatika nikiwa katikati ya kukuambia neno, na tangu juzi kila nikipiga nasikia mlio mmoja, kisha kimya.

Nilitaka kukuambia lile ninalokuambia kila vuli tangu niolewe huku pwani ya Denmark: upepo umeniacha, unakuja kwako Sweden. Ila huu haukuwa kama mingine. Nakunakilia kutoka kwenye shajara yangu. Asubuhi ya tarehe 21 redio ilisema uko Scotland na feri zimefungwa bandarini. Adhuhuri mshale wa barometa ya marehemu mume wangu Aksel ulishuka mpaka nikaigonga kwa kidole, nikidhani imekwama. Alasiri bahari ilipanda mpaka wanaume wakazivuta mashua kwa winchi hadi nyuma ya duka la samaki. Jioni paa la zizi la jirani yangu Poulsen lilinyanyuka zima zima, likaenda kutua makaburini. Poulsen akaja mlangoni kwangu amelowa chapa, akasema, "Gunvor, angalau paa limefika kanisani. Mimi sijaenda tangu Pasaka."

Hapo ndipo nilipokupigia. Kwangu vigae vimepungua na madirisha yamejaa chumvi. Kwako sijui. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Gunvor


Hultaryd, 29 Oktoba

Dada Gunvor,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na Britt wa posta kwa miguu, maana gari lake halipiti. Niko hai. Nyumba imesimama, bomba la moshi limekwenda. Umeme hakuna, simu hakuna, maji nachota kisimani kama enzi za mama.

Msitu haupo. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Misonobari tuliyopanda na baba, wewe ukibeba miche kwenye ndoo na mimi nikilia kwa baridi, imelala karibu yote, vilele vikitazama mashariki. Mingine imeng'oka na mizizi yake, mingine imekatika katikati kama njiti za kiberiti. Juzi niliingia kutafuta mpaka wa shamba, nikapotea. Mimi, niliyezaliwa hapa.

Na unajua upepo uliingilia wapi. Miaka kumi na moja iliyopita nilimwambia jirani Algot mbele ya kundi zima la wawindaji: ukikata miti ya ukingo ule wa magharibi, unaufungulia upepo mlango wa nyumba yangu. Akanijibu kwamba miti ni yake na upepo ni wa Mungu. Akakata, akauza. Tangu siku hiyo hatujasalimiana, ingawa kila Oktoba tunawinda pamoja. Yeye hukaa mwisho mmoja wa meza na mimi mwisho mwingine. Sasa upepo umepita palepale, ukaangusha yangu, ukageuka ukaangusha na yake iliyobaki. Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Magogo yasipotoka kabla ya Mei, wadudu wa magome watazaliana humo na kuua hata ile michache iliyosimama. Kwa hiyo nimeanza. Nina msumeno wa mnyororo, trekta na mgongo, na mgongo ndio mbovu kati ya hivyo vitatu.

Mdogo wako,
Sixten


Klitmøller, 4 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha nilikaa chini kwanza ndipo nikaifungua. Pole. Sina neno lingine la msitu ule, nawe huhitaji maneno.

Upepo wako niliufuata redioni hadi mwisho. Ulivuka kisiwa cha Gotland, ukasukuma maji ya bahari mitaani kule Pärnu, Estonia, kisha ukaingia Urusi na hakuna aliyeutaja tena. Nikadhani yamekwisha. Lakini sasa kila jioni redio inataja wafu wengine, mmoja mmoja: mzee wa Halland, baba mmoja na mwanawe huko kwenu Småland. Hawa hawakuuawa na upepo. Wamekufa baadaye, mchana wa jua na utulivu, wakiwa na misumeno mikononi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mti uliolala juu ya mwenzake ni mtego uliotegwa. Ukiukata mahali pabaya, unaruka, au kisiki na mizizi yake vinarudi kusimama vikiwa na mtu chini.

Msitu ule nilikuachia fungu langu kwa sababu ulikuwa unaupenda. Sikukuachia ukuue. Subiri mashine ya kukatia miti ya ushirika wa wenye misitu. Kama huwezi kusubiri, nenda kwa Algot. Si lazima mpendane. Mmoja akate, mwingine atazame, kisha mbadilishane. Ndivyo baba alivyofanya na baba yake Algot, na wale walichukiana kuliko ninyi.

Dada yako,
Gunvor


Hultaryd, 10 Novemba

Dada Gunvor,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mikono tu imejaa malengelenge ya mpini wa msumeno.

Nilikwenda ushirika. Mashine zina foleni hadi Februari, na bei wanayotoa inashuka kila wiki, kwa sababu kila mtu anauza msitu wake kwa mpigo. Kuhusu Algot, bora nizungumze na kisiki.

Lakini Britt ametufanya mchezo wake. Juzi alinipa gazeti, akasema, "Mzee Algot anauliza kama umeshakufa."

"Mwambie bado kidogo."

"Anasema mnyororo wako ni butu. Anasema msumeno wako unalia kama mbuzi anayeng'olewa meno, unamkera mpaka kwake."

"Mwambie usingesikika kwake kama angeacha miti katikati."

Akaenda. Leo amerudi. Nikamwuliza mzee amejibu nini. "Alizima msumeno kwanza," akasema Britt, "halafu akasema, hapo amenipata."

Jioni niliupiga tupa mnyororo. Si kwa sababu yake.

Nikuambie jambo upate usingizi. Mimi nami namsikia. Asubuhi akiwasha, nami nawasha. Saa tatu na nusu anazima kwa kahawa, nami nazima, kila mtu kwenye kisiki chake na mpaka katikati. Nusu saa, kisha tunaendelea. Kwa hiyo siko peke yangu kama unavyodhani.

Mdogo wako,
Sixten


Klitmøller, 15 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku kumetulia, baridi imeanza, nyonga yangu imeanza nayo.

Nimemsomea Poulsen barua yako, akacheka sana habari ya mbuzi. Mimi nilicheka kidogo. Sikio halinyanyui mti, Sixten. Mmetenganishwa na msitu ulioanguka, na ninyi ni wazee. Mmoja wenu avuke. Sijali ni nani.

Dada yako,
Gunvor


Klitmøller, 25 Novemba

Sixten,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Siku kumi sijapata neno kutoka kwako. Nilipiga simu posta ya Ljungby, wakaniambia barua za Hultaryd zinafika kila siku. Basi zinafika kwa mtu asiyejibu. Kama umeudhika na maneno yangu, andika kwamba umeudhika.

Gunvor


Hultaryd, 27 Novemba

Dada Gunvor,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Mimi sina jeraha. Algot ndiye.

Ilikuwa tarehe 18. Tulianza pamoja kama kawaida. Kabla kidogo ya saa tatu na nusu msumeno wake ulizima. Nikazima wangu, nikakaa, nikafungua chupa ya kahawa. Nilikuwa na mikate miwili ya iliki niliyonunua kijijini. Nikala wa kwanza. Jua lilitoka, la kwanza kwa wiki nzima, nikaona vizuri kukaa. Nikala wa pili. Muda wa kahawa ukaisha na kwake bado kimya, nikasema anapiga tupa. Nikajimiminia kikombe kingine, kwa sababu sikutaka kuwasha kabla yake nikaonekana nina haraka.

Kikombe kilipofika nusu nikakumbuka kwamba katika miaka yote niliyowinda naye, Algot hajawahi kukaa na kahawa zaidi ya nusu saa. Nilikimwaga, nikaenda.

Sikuweza kukimbia. Nilipanda na kushuka juu ya magogo kama mtoto anayejifunza ngazi. Nikamwita kwa jina, jina ambalo sikuwa nimelitamka kwa miaka kumi na moja isipokuwa kwa kulalamika. Nilimkuta amelala chali, msonobari umemlalia miguu yote miwili. Ulikuwa umepindwa kama upinde, alipoukata uliruka. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu.

Akanitazama, akasema, "Umemaliza kahawa?"

"Nimemaliza."

"Vikombe vingapi?"

"Kimoja na nusu."

"Nilikisia viwili," akasema, akafumba macho.

Nikawasha msumeno. Akasema, macho yakiwa bado yamefumba, "Anzia chini."

"Najua."

"Hujui. Anzia chini, taratibu, kisha juu."

Nikaanzia chini. Nilimburuta mpaka kwenye trekta lake, nikamlaza kwenye tela juu ya matawi, nikampeleka hadi kituo cha zimamoto kijijini, kwa kuwa wao wana redio ya kuitia gari la wagonjwa. Njia nzima hakulia. Alisema mara moja tu kwamba naendesha vibaya.

Yuko hospitali ya Växjö. Mguu wa kushoto utapona. Wa kulia wameukata chini ya goti.

Kila nilipotaka kukuandikia niliuona ule mkate wa pili. Nilikuwa nikimsikia, Dada. Nilimsikia anaumia, nikadhani anakunywa kahawa.

Nilikaa ndani wiki nzima. Tangu juzi nimerudi msituni. Mei haisubiri.

Mdogo wako,
Sixten


Klitmøller, 2 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe pole Algot, na mkewe Rut, nami nitamwandikia. Wewe nakupa pole pia, kwa sababu najua utaubeba mkate huo hadi kaburini na hakuna nitakalosema la kukutua. Ila kumbuka ni wewe uliyekwenda. Ungengoja kikombe kiishe angekufa.

Barua yako niliisoma mara mbili, na yaliyonitisha si yale ya tarehe 18. Ni ule mstari wa mwisho. Mwanzoni ulinipoza kwa kusema mnasikilizana. Sasa ukizima wewe, nani atajua?

Sitakupigia kelele. Nina miaka sabini na miwili, Aksel nimemzika, na nimechoka. Sina nguvu ya kuja huko kuzika mtu mwingine. Nakuambia kama ilivyo.

Dada yako,
Gunvor


Hultaryd, 9 Desemba

Dada Gunvor,

Shikamoo. Simu imerudi jana. Niliinua mkono wa simu, nikausikiliza ule mlio, nikaurudisha. Haya ni rahisi kuyaandika kuliko kuyasema.

Jumapili nilikwenda Växjö na Rut. Njia nzima alisikiliza redio ya gari, nami nikaendesha, tukaelewana vizuri. Algot amekonda. Nilimpelekea machungwa. Akayatazama, akauliza kama nimesahau kwamba machungwa humletea kiungulia.

Kisha akauliza, "Unaendelea?"

"Naendelea."

"Acha."

"Ni msitu wangu, Algot."

"Najua ni wako, nilikaa miaka kumi na moja ukinikumbusha." Akageukia dirisha. Linatazama maegesho ya magari. "Asubuhi nilikuwa nikisimama uani nimeshavaa buti, nasubiri uwashe ndipo nitoke. Siku ulizochelewa nilikuwa nagombana na Rut bila sababu."

"Kweli," akasema Rut. "Na hapa anawasumbua wauguzi wamfungulie dirisha. Baridi yote hii. Wakimwuliza kuna nini huko nje, anasema wafungue tu."

"Kutoka hapa husikiki," Algot akaniambia. "Nimejaribu."

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi, Dada, ya wadudu na Mei na bei. Sikuyakumbuka. Mimi nilidhani ni yeye anayetangulia kuwasha na mimi ninayemfuata. Kumbe kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake.

Hatukuzungumza habari ya ukingo wa magharibi. Tulipotoka alisema machungwa niyaache.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya ushirika nikatia saini. Mashine itakuja Februari, itachukua miti yangu na ya Algot kwa pamoja. Bei ni mbaya na itakuwa mbaya zaidi. Wadudu watapata sehemu yao. Karani alitandaza ramani mezani, akaniuliza mpaka kati yetu unapita wapi hasa, ili ajue kila gogo ni la nani. Nikamwambia kwa jinsi miti ilivyolala hata mimi siwezi kumwonyesha, agawe nusu kwa nusu. Akauliza kama Algot amekubali. Nikamjibu ndiyo. Sikuwa nimemwuliza, lakini Rut alikuwa amekaa pembeni yangu, akaitikia kwa kichwa.

Nilirudi nyumbani, nikaufuta msumeno mafuta, nikauweka darini. Sikuhisi unafuu wala huzuni. Nilikaa jikoni na buti miguuni hadi nikasinzia hapo hapo mezani, mchana kweupe, jambo ambalo baba asingelivumilia.

Piga simu ukipenda, inafanya kazi. Ila usipige asubuhi. Nitakuwa nimelala.

Mdogo wako,
Sixten