Konzi ya Mama Sui

Jumapili, 4 Novemba

Zamu yangu ya kukusanya mchele mtaa wa juu. Ukungu mpaka magotini, kapu mgongoni, mdomo unatoa moshi. Kila nyumba kopo liko tayari kando ya meko — konzi moja ya mchele kila mara kabla ya kupika, konzi ya Bwana, ndivyo tulivyofunzwa tangu wasichana. Nyumba nyingine konzi zenyewe za kitoto. Sisemi ni nani.

Kwa Mama Sui nilitaka kusalimia tu. Mumewe aliangukiwa na gogo mwezi wa saba, kamwachia watoto watatu, na mchele anaokula ni huu huu tunaokusanya. Kanisa humpelekea gunia kila mwezi. Mara akanitolea kopo limejaa pomoni. Kuliko langu!

Na mchele wenyewe ni wetu. Mchele wa konzi haufichiki — mwekundu, mweupe, chenga, wa mlimani na wa bondeni, wote pamoja. Tulimpa, karudisha. Nikapokea, nikasema asante, nikaondoka nimeduwaa. Sasa huu ni mchele wa nani?

Jumanne, 6 Novemba

Nimempelekea Mama Sui boga. Nimewakuta watoto wanakunywa uji mwepesi, kitako cha bakuli unakiona. Yeye alikuwa anapima mchele wa jioni. Kachota konzi, katia koponi. Ana mkono mkubwa yule mama. Kilichobaki sufuriani, aibu hata kukitazama.

Sikuvumilia. Nikamwambia, Mama Sui, wewe acha hizi konzi. Wewe ni wa kupewa, si wa kutoa. Akalisogeza kopo karibu na meko. Nikadhani labda anamwogopa Mungu, au anamwogopa Bi Dawt, mwenyekiti wetu wa akina mama, ambaye huogopwa zaidi. Basi nikamrahisishia kazi: nikalibeba kopo lenyewe, na msalaba wake uliochorwa kwa rangi nyeupe, nikalitia kapuni. Akasema, "Haya, Mama Lian." Basi.

Nimerudi naimba. Leo nimefanya jambo la maana.

Jumapili, 11 Novemba

Mama Sui hakuja kanisani. Wala watoto. Benchi lao tupu.

Tulipotoka Bi Dawt akanivuta kando. "Kumbe Mama Sui kahamia kanisa la bondeni? Watu wameona jikoni kwake hakuna kopo." Nikacheka. Nikamwambia kopo nimelichukua mimi, nilimhurumia. Hakucheka yeye. Aliuliza ni nani aliyenituma.

Nyumbani mama mkwe akanimalizia. Kopo, anasema, huondolewa kwa waliohama kanisa na kwa waliofukuzwa. "Sasa huyo kafanya lipi?" Nikamwambia hajafanya lolote, ana njaa. "Basi njaa ndiyo kosa lake," akasema, akaendelea kumenya vitunguu saumu.

Nikamuuliza, si uliniona Jumanne nikiingia na kopo, mbona hukusema? "Uliniuliza?"

Mambo ya kopo niliyajua. Nimezaliwa hapa, nitakosaje kuyajua? Niliyajua, ila sikuyawaza. Wema wangu umenitokea puani.

Jumatano, 14 Novemba

Nimerudisha kopo.

Alinikaribisha vizuri. Kigoda karibu na moto, chai, Baba Lian hajambo, kifua cha mama mkwe kinaendeleaje. Ningeona nafuu kama angenifokea. Nikaliweka kopo mahali pake kando ya meko. Akalitoa pale, akalipakata kidogo, halafu akaliweka mapajani mwangu.

"Tangu mwenzangu afariki mimi ni wa kupokea tu," akasema. "Mchele napokea. Kuni napokea. Hata kuombewa, mimi naombewa. Nilikuwa na konzi yangu, na wewe ukaja ukaichukua. Basi chukua na gunia."

Gunia la mwezi huu lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Nikamuuliza watoto watakula nini. "Mahindi yapo." Nikakasirika, nikamwambia kiburi hakipikwi kikaiva. Nimesema hivyo kwa mjane, nimeketi mbele ya moto wake, nakunywa chai yake! Nilitamani ardhi inimeze.

Na gunia nimelibeba, pamoja na kopo. Sijui kwa nini nimelibeba. Sasa liko jikoni kwangu, linanitazama kila nikipita. Kanisani silipeleki, maana nikilipeleka ndiyo basi, hatapewa tena. Kwake silirudishi, maana halitaki.

Jumamosi, 17 Novemba

Kikao cha akina mama. Baridi, miguu yote chini ya blanketi moja.

Bi Dawt kashasikia habari za gunia. "Shukrani ya punda ni mateke. Kama anataka kula vya bondeni, aende. Fungu lake tumpe mwingine." Mmoja akasema, anayejaza kopo vile mwaka mzima hana shida huyo. Mwingine akasema, anayerudisha gunia ana jeuri. Kwa hiyo akitoa ni tajiri, asipopokea ni mwasi. Sasa mtu huyu asimame wapi? Nilitaka kuuliza hivyo. Nikasema tu kwamba gunia liko kwangu, na wote wakanigeukia kana kwamba nimeliiba.

Kesho baada ya ibada ya mchana wataamua mbele ya mchungaji kama Mama Sui bado ni wetu au si wetu. Ni watoto watatu, na baridi yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Baba Lian ananiambia nimwachie Mungu. Lakini kopo hakubeba Mungu. Nilibeba mimi.

Jumapili, 18 Novemba

Zamu yangu tena. Nyumba isiyo na kopo hupitwa, ndivyo ilivyo. Nilipofika kwa Mama Sui nikapita kweli, macho chini, mwendo wa mwizi.

"Mama Lian, mbona unanipita?"

Alikuwa mlangoni, amekinga viganja viwili vimejaa. Sikutazama vimejaa nini. Niligeuka, nikampa mgongo wenye kapu, akamimina. Nikasikia vinashuka. Nikasema asante bila kugeuka.

Nimefika nyumbani, nimemwaga kwenye ungo nipepete kabla ya kupeleka. Mahindi! Ya kukobolewa, ya manjano, yametapakaa kwenye mchele wa mtaa mzima. Mahindi tunakula sote hapa, nani asiyekula. Lakini hakuna anayeyatoa. Konzi ni mchele.

Bi Dawt akiyaona atasema ni kejeli. Wengine watacheka, halafu ndipo waketi kumwamulia. Nimeanza kuyachambua, punje moja moja, nikiyaweka kando.

Nikafika katikati mkono ukakataa. Nikiyatoa yote, Mama Sui leo hajatoa kitu, na mimi nitakuwa nimemnyang'anya mara ya pili. Nikayarudisha. Nikawaza kicheko cha wale kina mama, nikayatoa tena. Na labda wakiyaona ndiyo wajue watoto wanakula nini? Au ndiyo waseme, si unaona, mahindi anayo? Sijui. Kichwa changu chenyewe ni ungo.

Mama mkwe kachungulia. "Unachambua mawe?"

Kengele ya kwanza imelia. Bi Dawt yuko uani na wenzake, nasikia viatu, nasikia anauliza kama mchele uko tayari. Mama mkwe anamjibu aingie mwenyewe aone. Konzi nzima ya mahindi iko mkononi mwangu wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Mlango unasukumwa, na mkono bado nimeufumba