Jukwaa la Dirisha la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Limefika! Nimeomba mpaka midomo ikakauka, na leo jukwaa langu liko nyuma ya dirisha la tatu. Shemeji seremala kaliwekea ngazi mbili na mpira juu, nisiteleze. Kwa kimo changu kifupi, wateja wa vifurushi walizoea kuona paji langu la uso tu. Leo mmoja kasema kumbe nina mwanya. Ninao, tena mzuri. Bosi anasema sasa sina kisingizio. Kwani lini nilikuwa nacho?

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi – jukwaa hakuna. Liko ukumbini, bosi kasimama juu anafanya mazoezi ya hotuba. Wiki ijayo anakuja mgeni rasmi kuona tunavyowajali wafanyakazi wenye ulemavu. Nikauliza mimi nisimame wapi. Akanijibu kwa upole kabisa: nenda stoo kwanza, ubandike lebo, ni siku chache tu. Stoo! Nimetoka huko kwa jasho. Aliyerudishwa stoo harudi dirishani, nawajua zaidi ya mmoja. Nikavuta kreti, nikapanda, nikahudumia.

Jumanne, 11 Machi
Kreti limevunjika nikiwa juu yake. Goti limevimba. Bosi: si nilikwambia ukae stoo? Mama ananikanda na maji moto, ananikumbusha kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia nitaubusu ukinirudishia jukwaa. Akacheka, akalibinya goti kwa nguvu zaidi.

Ijumaa, 14 Machi
Leo ndiyo siku ya mgeni. Nimewahi kuliko wote. Nimelikokota jukwaa kutoka ukumbini mpaka dirishani. Mlinzi akajifanya haoni, halafu akashika upande mmoja. Sasa nimekaa juu yake, naandika. Bosi kaja na wapagazi wawili. Dada yangu usiniaibishe, anasema, ni nusu saa tu. Namwelewa. Naye si mrefu, na ile meza ya hotuba itammeza. Nimemwambia kreti jingine liko stoo.

Wanaweza kunifukuza leo hii. Naogopa. Sishuki. Mpagazi mmoja kainama alishike, kaona miguu yangu, kaacha.

Mlango umefunguliwa. Mteja wa kwanza na kifurushi chake, na nyuma yake mgeni mwenyewe, na suti yake. Anauliza, huyu ndiye mliyemtengenezea jukwaa? Bosi kaondoa mkono haraka kwenye jukwaa langu. Ananitazama mimi, nijibu.

Wasubiri. Kwanza nipime mzigo wa watu –