Umbali Wako Umenishinda

Mdogo wangu mkaidi,

Mimi mzima, ila birika limeanza kuvuja. Kazini bado nakokotoa muda wa ujumbe wetu kufika kwenye chombo kilicho mbali angani, na wa jibu kurudi. Kanuni yetu ni moja: usirudie ujumbe kabla muda huo haujaisha. Ndiyo maana, tulipomzika Mama ukaondoka bila kuniaga, nilikuandikia mara moja tu, nikanyamaza kungoja. Lakini hesabu hutaka umbali. Wa chombo naujua, wako umenishinda. Basi leo navunja kanuni, nakuandikia tena.

Chombo kimejibu asubuhi, kutoka huko kilikofika baada ya kuzipita sayari zote. Wewe kufika kwangu hata basi hubadilishi.

Ni mimi dada yako, mlango ni uleule.