Nimechagua Tisa Fupi

Kilindoni, Jumatano. Mvua imekatika baada ya adhuhuri, mabati yanafuka mvuke, na moyo wangu umetulia kuliko nilivyotarajia.

Leo nimekwenda Bweni kununua pweza, na nimerudi. Peke yangu.

Kwa msiojua, kazi yangu ni hiyo: nanunua pweza kwa wanawake wa Bweni na Kanga, kisha nawauzia wenye majokofu hapa mjini. Masika yaliyopita, nilipokuwa nimepita Kanga kidogo, pikipiki yangu ikitambaa kwenye tope, wanaume wawili walitoka kwenye minazi na mapanga. Mkoba niliutoa bila ubishi. Mmoja wao alinipiga kifundo cha mkono wa kulia kwa ubapa wa panga hata hivyo. Mfupa umeunga, lakini ngumi ya mkono ule haifungi sawasawa hadi leo.

Baada ya hapo mume wangu, Baba Salma, akawa ananisindikiza kila safari, na shamba lake likaota nyasi. Ndipo nikaomba kibali cha bastola. Nilihojiwa kijijini, nikahojiwa katani, nikahojiwa wilayani. Kila kikao kiliniuliza mwanamke ana haja gani ya silaha, na kila kikao nilikionyesha mkono wangu.

Kibali kilipopatikana nikadhani mlima umekwisha. Kumbe lilibaki swali nisilolijua: risasi ya ukubwa gani?

Kisiwani hapa hakuna duka la silaha. Ukitaka risasi unavuka bahari. Na silaha inaandikwa kwa jina lako moja kwa moja, huwezi kuirudisha kama gauni lililobana. Nilitakiwa kuchagua mara moja, na nichague sawa.

Baba Salma yeye hakuwa na swali. Alipitia mgambo ujanani, na kwake bastola ni milimita tisa, basi. "Mtu akikujia na panga unataka aanguke, Mama Salma, hutaki kumtekenya." Aliyasema hayo nyumbani, akayarudia kwenye boti, akayarudia tena mbele ya muuzaji wa Dar es Salaam, ambaye alitikisa kichwa kukubaliana naye bila hata kunitazama mimi nitakayeibeba.

Kwa bahati walitupeleka kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kununua. Mwalimu wa pale alikuwa afande mstaafu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayefundisha Kurani. Akanipa ile ya milimita tisa, aina ndogo ya kufichika. Kuikoki tu kulinitoa jasho. Mkono haukuwa na nguvu ya kukivuta kile chuma cha juu hadi mwisho. Nilipofyatua, ilipiga teke hadi kwenye bega.

Nakiri: baada ya risasi ya kwanza nilikuwa nafumba macho. Nilikuwa naogopa bastola yangu mwenyewe kuliko nilivyowaogopa wezi.

Mwalimu akaniletea nyingine, inayotumia risasi ndogo kabisa, ile ya ishirini na mbili. Hiyo ilikuwa raha, kama mchezo. Lakini aliniambia ukweli: risasi za aina ile ndizo zinazogoma kulipuka mara nyingi zaidi, na nguvu yake ni haba. Kisha akanipa ya tatu. Wenyewe wanaiita tisa fupi. Unene wa risasi ni ule ule wa milimita tisa, ila maganda yake ni mafupi na baruti yake ni kidogo. Niliikoki kwa urahisi. Ilipiga teke, ndiyo, lakini teke la mbuzi. Nikafyatua tena nikiwa na macho wazi, na tena.

Mwalimu alivitandaza mezani vibao viwili vya shabaha, vya karatasi yenye mchoro wa mtu. Kile cha milimita tisa kilitobolewa pembeni, kwingine hakikuguswa kabisa. Kile cha tisa fupi, matundu yalikaa pamoja kifuani kama vifungo vya shati.

"Mzee, risasi kubwa iliyokosa haimwangushi mtu," akamwambia mume wangu. "Inakwenda kumtafuta mtu mwingine."

Baba Salma alikaa kwenye benchi, karatasi mkononi, akanipa mgongo. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema, akitazama chini, "Siku ile mimi nilikuwa nimelala nyumbani. Wewe unapigwa, mimi nimelala."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Mwaka mzima, hakuwahi.

Hapo nikaelewa kwa nini aling'ang'ania risasi kubwa. Alikuwa anatafuta kitu chenye nguvu ya kuwa pale badala yake. Nikamwambia, "Baba Salma, hata ungekuwa macho ulikuwa Kilindoni." Akacheka kidogo, akajifuta uso, akamwambia muuzaji, "Tupe aliyoichagua mwenyewe."

Tuliporudi, kazi ya kuificha aliichukua shangazi yangu, Bi Mize, fundi cherehani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kuitazama bastola juu ya meza, ikiwa tupu. Nilitegemea mawaidha. Badala yake akaipima kwa shubiri. "Ingekuwa kubwa ungeichoka, ungeiacha kabatini," alisema. "Na fimbo ya mbali haiui nyoka." Akanishonea mkanda wa turubai wenye mfuko mgumu unaofunika kifyatulio, wa kufunga kiunoni ndani ya baibui. Mama zetu walificha vitu kibindoni, akasema, sisi tumeongeza uzito tu.

Leo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza nayo. Mwendo wote nilihisi kila mtu anaiona. Nilipofika Bweni, Mwanaisha, anayeongoza wanawake wa pweza, alinikumbatia kama kawaida yake, kwa nguvu zote, akagusa kitu kigumu.

Akarudi nyuma, akanitazama kiunoni, kisha machoni. Yeye ndiye aliyenifunga mkono kwa kanga siku ile, kabla sijapelekwa hospitali.

"Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Basi njoo uone pweza," akasema, na hakuuliza tena.

Nitamwomba Bi Mize ausogeze mfuko nyuma kidogo. Kitu kinachogundulika kwa kukumbatiwa hakijafichika, na sitaki kuacha kukumbatiwa.

Jioni hii nimeitoa bastola risasi, nimeipangusa kwa mafuta kwa sababu chumvi ya huku haina huruma na chuma, nimeifungia kwenye sanduku ambalo Baba Salma amelikaza ukutani. Yeye hayupo. Kaenda shambani tangu asubuhi, kupalilia zile nyasi zilizoota, na hajarudi hata kuuliza kama nimefika salama.

Namshukuru Mungu kwa hilo pia.

Dua yangu ni moja: risasi hizi zizeeke humo humo ndani, nizibadilishe kwa ukongwe tu. Jumamosi ni zamu ya Kanga. Nitakwenda.