Mstari wa Saa 9:30 kwenye Daftari la Selo

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Ofisi ya Sherifu, Kaunti ya Pell, mji wa Orrin, Nebraska
Tarehe: Jumapili, 22 Oktoba 2023
Jina la shahidi: Leta Marie Brabec
Umri: Miaka 23
Kazi: Karani; pia askari wa mahabusu na mpokeaji wa simu za dharura
Makazi: Kwa wazazi, maili nne kaskazini mwa Orrin
Mwandishi wa maelezo: Sajini Noreen Halvorsen, Polisi wa Jimbo

Niliajiriwa tarehe 6 Machi mwaka huu. Tangazo la kazi lilitaja kupiga chapa na kutunza majalada, na mimi nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Wiki ya pili nilikabidhiwa funguo za selo. Wiki ya tatu nilikalishwa kwenye simu ya dharura. Katika kaunti hii kazi hizo tatu ni za mtu mmoja kwa kila zamu, na tuko watano. Sisemi hivi kujitetea. Nimeulizwa majukumu yangu.

Chumba cha simu na selo vimetenganishwa na mlango wa chuma wenye kidirisha. Kanuni inataka kidirisha kifungwe. Sote watano hukiacha wazi, ili sikio moja liwe kwenye simu na jingine liwe selo. Kanuni inataka kila nusu saa askari aende kwa miguu, amwone mahabusu kwa macho, kisha aandike kwenye daftari. Askari aliye peke yake haruhusiwi kufungua selo yenye mtu. Lazima amsubiri wa pili. Na simu ya dharura haiachwi ikalia.

Mnamo tarehe 19 Oktoba, Alhamisi, saa 3:20 usiku, Naibu Sherifu Curt Ahrens alimleta Duane Kolar, umri miaka 61, kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Mimi ndiye niliyejaza fomu ya kumpokea. Namfahamu Mzee Duane tangu utoto wangu. Aliendesha basi la shule nililopanda miaka tisa, na alikuwa wa zimamoto wa kujitolea kwa miaka ishirini na minne, hadi Mkuu wa Zimamoto Lyle Boettcher alipomwondoa mwaka juzi kwa kufika kwenye moto akinuka pombe.

Fomu inauliza mahabusu anakunywa kiasi gani kwa siku. Alijibu, "Bia mbili." Nilimtazama Curt. Kila mtu Orrin anajua ni chupa nzima ya wiski, na duka anakoinunua linajulikana pia. Curt alisema, "Andika anachokuambia, Leta. Ukiandika kingine, inabidi nimpeleke hospitali maili sabini, na kaunti ibaki haina askari hadi alfajiri." Niliandika bia mbili.

Jumamosi tarehe 21 Oktoba niliingia zamu saa 12 asubuhi. Mahabusu alikuwa mmoja tu, Mzee Duane, selo namba mbili. Sherifu alikuwa Lincoln, mji mkuu wa jimbo, kwenye mpira, kwa ruhusa. Curt alikuwa doria.

Saa 6:15 mchana nilimpelekea chakula kutoka mkahawa wa ng'ambo ya barabara, mkate uliojazwa nyama na kabichi. Hakuugusa. Alisema, "Binti, hiki ukimpa mbwa wa Curt, ataomba wakili." Nilicheka. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, akaiweka chini ya blanketi.

Saa 8:30 mchana nilikwenda kumkagua kwa miguu. Shati lake lilikuwa limelowa jasho hadi kiunoni. Aliniomba niongeze sauti ya redio kwa kuwa mpira ulikuwa unaanza. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema, "Mafua. Nenda kakae, usije ukaambukizwa." Nikamwambia hayo si mafua. Akasema, "Leta, nilikuwa nakufuta kamasi kwenye basi. Leo umekuwa daktari?"

Kwenye mafunzo ya mwezi Aprili tulisomeshwa dalili za mtu aliyekatishwa pombe ghafla, na kwamba hali hiyo inaweza kuua. Nilipata alama zote kwenye mtihani ule. Nilirudi mezani nikamweleza Curt kwenye redio ya upepo. Alisema, "Nikirudi nitamtazama." Sikuridhika. Nilifungua kijitabu nitafute namba ya muuguzi wetu, ambaye huja Jumanne na Alhamisi. Nilikuwa nimebonyeza tarakimu tatu za namba yake simu ya dharura ilipolia. Ilikuwa saa 8:47.

Aliyepiga alikuwa Trina Ostdiek. Alisema mumewe, Galen, ameingia ndani ya kihenge cha mahindi kuvunja mahindi yaliyoganda, na mahindi yamemmeza hadi kifuani. Nilimuuliza ni kihenge kipi, akasema kile kikubwa cha chuma nyuma ya nyumba. Niliita zimamoto, niliita gari la wagonjwa, ambalo kaunti inalo moja, na nikamtuma Curt. Wote walijibu kabla ya saa 8:50. Trina alibaki kwenye simu. Kanuni inasema usimwache.

Akaniambia, "Nimewasha mashine ya kutolea mahindi huku chini. Yakipungua atatoka, sivyo?"

Nilirudia kwa sauti, "Umewasha mashine ya kutolea mahindi?" Kabla hajajibu, Mzee Duane alipiga kelele kutoka selo. "Azime! Mwambie azime hiyo mashine! Inamvuta chini!"

Nikamwambia Trina azime. Akakimbia. Aliporudi alisema mahindi yamefika mabegani.

Kuanzia hapo nilikuwa na simu sikio la kulia, redio ya upepo mkononi, na Mzee Duane kwenye kidirisha. Alikuwa amesimama ameshika nondo, nilimwona kwenye skrini ya kamera ya selo. Lyle alifika shambani saa 8:58 na watu sita. Nilimsikia akiagiza Galen afungwe kamba kwapani wamvute.

Mzee Duane alisema, "Wasimvute. Watamng'oa mabega. Mwambie huyo mkaidi wasimvute."

Nilisema redioni, "Mkuu, msimvute kwa kamba."

Lyle akauliza, "Nani anasema?"

Nikasema, "Duane Kolar."

Rekodi inaonyesha zilipita sekunde saba. Kisha Lyle akasema, "Anasema tufanye nini?"

Mzee Duane alisema waache kukanyaga mahindi juu yake. Wachukue mbao pana, hata milango ya banda, wazizamishe kumzunguka kama boksi, halafu wachote mahindi yaliyo ndani ya boksi tu. Wawashe feni ya kihenge ili apate hewa. Alisema taratibu, kipande kwa kipande, na mimi nikakipitisha kila kipande. Trina aling'oa milango miwili ya banda la kuku kwa mikono yake. Nilimsikia.

Ilipofika saa 9:00 sikuweza kwenda selo. Niliandika kwenye daftari: "Saa 9:00. Yuko macho, anaongea." Huo ulikuwa ukweli. Nilikuwa namsikia.

Hapo hapo, kwenye mstari unaofuata, niliandika: "Saa 9:30. Yuko macho, anaongea." Hatukufundishwa hivyo darasani. Nimefundishwa hapa mezani, na wote hufanya hivyo simu zikizidi, kwa sababu mstari ukiachwa wazi unaitwa kujieleza. Wakati naandika ilikuwa saa 9:01.

Saa 9:14 Mzee Duane aliuliza, "Boksi limefunga?" Nikamwambia bado upande mmoja. Akasema, "Basi nitakaa kidogo. Miguu inanisumbua. Usimwambie Lyle nimekaa." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Saa 9:17 kulikuwa na kishindo upande wa selo. Trina alikuwa akilia simuni kwamba Galen amefumba macho. Nilidhani Mzee Duane amepiga ukuta kwa hasira, kwa kuwa Ijumaa alikuwa ameupiga. Nilitupa jicho kwenye skrini. Kamera ya selo namba mbili inaonyesha kitanda na nondo. Haionyeshi sakafu ya upande wa choo. Niliona blanketi limevimba kitandani, nikaamini ni yeye. Niligeukia simu.

Tangu hapo sikumsikia. Nilidhani anasikiliza.

Saa 9:33 Lyle alisema redioni, "Tumemtoa. Anapumua, anatukana. Mwambie Duane. Mwambie ni mimi niliyesema umwambie."

Nilimsikia Trina akipiga mayowe ya furaha, kisha simu yake ikakatika. Niligeuka nikaita kwenye kidirisha, "Mzee Duane, wamemtoa! Lyle anakushukuru!"

Hakujibu. Niliita tena. Nikaenda kwenye kidirisha, nikaona miguu yake sakafuni, soksi moja imemtoka.

Niliita Curt. Alikuwa maili ishirini na sita. Nikamwambia Kolar yuko chini, hasogei. Akasema, "Usifungue. Sikia, Leta, usifungue ukiwa peke yako. Nakuja." Niliita gari la wagonjwa. Walijibu kwamba Galen yuko ndani na mapigo yake hayajatulia, na wanaelekea hospitali, upande mwingine wa kaunti. Nikawauliza wanaweza kugeuka. Mmoja wao, Joleen, akaniuliza, "Unaniamuru nigeuke? Sema, Leta, nigeuke."

Mimi ndiye ninayeamua magari yanakwenda wapi. Habari za pumzi za Galen nilikuwa nimezisikiliza kwa dakika arobaini na sita. Nilisema, "Endeleeni." Niliita gari la kaunti jirani. Walisema dakika arobaini.

Saa 9:37 nilifungua selo nikiwa peke yangu. Mzee Duane alikuwa amelala kifudifudi kati ya choo na ukuta. Mdomo ulikuwa na povu na damu, ulimi umeng'atwa. Uso ulikuwa wa buluu. Mwili ulikuwa na joto. Sikupata mapigo shingoni. Nilimgeuza, ni mtu mzito, nikaanza kumkandamiza kifua nikihesabu kwa sauti kama tulivyofundishwa.

Nilipofika mia moja na kitu, simu ya dharura ililia. Niliinuka. Ingeweza kuwa mtoto amezama au nyumba inaungua. Alikuwa mama mmoja wa mtaa wa kanisani. Alisema, "Binti, nimesikia king'ora. Nani kapatwa?" Nilikata. Watu wa hapa wote hufanya hivyo. King'ora kikilia wanapiga namba ya dharura kuuliza. Mimi pia nilipokuwa mdogo nilimsikia bibi yangu akipiga.

Nilirudi. Nilihesabu hadi sitini. Simu ililia tena. Niliinuka tena. Mwanamume mmoja alisema, "Wanasema ni Galen Ostdiek. Ni kweli? Nina mahindi yake ghalani kwangu, ndio maana nauliza." Nilikata.

Ilipolia mara ya tatu sikuinuka. Nilimkandamiza Mzee Duane nikiisikia ikilia. Ililia mara kumi na nane. Nilikuwa nikihesabu milio badala ya kuhesabu kifua, kwa hiyo kuna mahali nilipoteza hesabu. Sikujua ni nani aliyekuwa anapiga. Leo asubuhi nimeangalia kumbukumbu za simu. Ni yule mama wa mwanzo.

Sajini ameniuliza niliondoka kifuani kwa muda gani. Kwa mujibu wa rekodi, mara zote mbili ni dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Ameniuliza kama nadhani muda huo ulibadilisha jambo. Sijui. Sina elimu hiyo.

Curt aliingia saa 10:01 jioni. Alinisogeza pembeni akaendelea yeye. Gari la kaunti jirani lilifika saa 10:16. Saa 10:25 walisema Duane Kolar amefariki.

Baadaye, walipomtoa, Curt alisimama mezani akasoma daftari. Aliweka kidole kwenye mstari wa saa 9:30. Akaniuliza, "Hapa ulimwona?" Nikasema hapana, niliuandika saa 9:01. Akasema, "Hukuniambia hilo, na mimi sikuuliza. Uache kama ulivyo, mdogo wangu. Unatufaa sote." Hakusema kwa ukali. Alinifunika koti lake. Naomba hilo liandikwe pia, kwa sababu ni mtu mwema kwangu na sipendi kusema haya.

Lyle Boettcher alikuja saa 11:40 jioni, mahindi yakiwa bado kwenye viatu vyake. Alikuwa hajui. Aliniambia, "Nimemletea Duane kahawa. Nifungulie nimpe mwenyewe." Alikuwa na vikombe viwili. Nilimwambia. Aliviweka sakafuni akaketi kwenye benchi la wageni, hakuondoka hadi zamu yangu ilipokwisha.

Nimefikiri usiku wote. Mstari ule ukiachwa kama ulivyo, itasomeka kwamba saa 9:30 Duane Kolar alikuwa macho na anaongea, na kwamba alianguka baada ya hapo, na nikafika kwake ndani ya dakika saba. Si hivyo. Alikaa sakafuni dakika ishirini kutoka kishindo hadi mlango kufunguliwa, na dakika kumi na sita za kwanza hakuna aliyejua, kwa sababu mtu wa kujua nilikuwa mimi. Mchumba wake wa zamani, Bi. Arlys, atalisoma daftari hilo siku moja. Sitaki asome kwamba alikuwa anaongea.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na jambo moja ambalo sikuliona na nikaliandika. Nimeyatoa kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote.

Sahihi: L. M. Brabec

TAARIFA YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali kuwa ni sahihi. Ameomba neno moja lirekebishwe: mahali nilipoandika "kishindo kidogo" ameniambia nifute "kidogo". Nimefuta, naye ameweka herufi za jina lake pembeni. Maelezo yalianza saa 4:10 asubuhi na kwisha saa 6:35 mchana. Yalikatizwa mara tatu, shahidi alipotoka chumbani kupokea simu ya dharura, kwa sababu zamu ya leo pia ni yake na hakuna mwingine wa kuishika. Nilipomuuliza kama simu hizo zilikuwa za dharura, alisema moja.

Sajini N. Halvorsen