Bonde ulilowaficha watu wa ramani

Baba Zaina,

Sikuulizi habari za huko. Ni mimi mukeo, kwa mwandiko wangu mubaya uliokuwa unaucheka. Leo usicheke, soma.

Funo wamekufa. Wale paa wekundu wadogo, waliowindwa mpaka msitu wa Kizuka ukabaki hauna hata mmoja, walirudishwa wiki moja baada ya arobaini yako. Waliletwa wanne. Watatu tumewaokota tumbo wazi.

Unakumbuka ile ramani? Watu wa mradi wa kurudisha funo walikaa barazani kwetu wanakunywa chai yangu, wanakuuliza, "Muzee, chui iko wapi? Chatu iko wapi?" Nawe unanyoosha kidole kama sultani. Wakapaka nyekundu kila uliposema hatari. Walipofika kwenye bonde la mto ukasema, "Hapa hakuna kitu, iko salama." Bonde likabaki jeupe. Wakasema basi, funo watawafungulia hapo.

Muongo. Hapo ndipo ulipokuwa unawinda na mbwa zako. Najua, muwindaji haonyeshi mahali pake hata kwa mukewe, lakini viatu vyako nilivifua mimi, na udongo ule mweusi hauko pengine. Nilisimama mlangoni na sinia, nikanyamaza. Nikajiambia ni heshima ya mume.

Heshima gani! Mbwa zako ulizifunga kengele za mbao shingoni, ukazifundisha kuua bondeni mule. Ulipokufa nikazifukuza uani kwa fimbo, nimechoka na mbwa. Zingekwenda wapi? Zilikwenda kazini kwao. Binti aliyechora ramani akaja kwangu analia: "Bibi, tulikosea wapi?" Nikamwambia sijui. Mimi, na mdomo wote huu!

Wewe umelala, umepumzika. Mimi ndiye napita sokoni na uso huu.

Amebaki jike mmoja, ana mimba, na kengele bado zinasikika kule. Kwa hiyo kesho asubuhi napanda msituni na yule binti na ramani yake. Nitaweka kidole changu kwenye bonde lile apake nyekundu, na nitakutaja jina mbele ya watu wote wa mradi. Halafu nitaziita mbwa. Zitakuja, maana aliyekuwa anazipikia ugali ni mimi, si wewe. Askari wa msitu wenye bunduki watakuwa nyuma yangu.

Dua nitakuombea kila Ijumaa, usiogope. Lakini kukuficha tena, hapana, Baba Zaina. Lala hivyohivyo.

Mukeo